Nusu Karatasi

Mwalimu Luambano alichana daftari lake mwenyewe,
karatasi moja watu wawili,
akasema: andikeni mlichojifunza tangu Januari
na mnachokitumaini hadi Desemba.
Jina si lazima.
Kiswahili ruksa.

Hapo ndipo darasa liliponyamaza.
Sabini na mmoja tuko, Kidato cha Kwanza C,
na tangu siku ya kwanza tumeambiwa
Kiswahili kiachwe getini
pamoja na ndala.

Mimi ndiye niliyekusanya.
Nikashuka nazo ngazi kwenda ofisini,
na pale kwenye kona, penye harufu ya mihogo ya mama Tabu,
nikakaa, nikasoma.
Najua si vizuri. Nilisoma.

Mmoja ameandika: Nimejifunza kunyamaza.
Basi. Kote kulikobaki ni kweupe.
Mwandiko naujua. Ni wa yule ambaye darasa la saba
alikuwa akinyoosha kidole
swali likiwa bado kinywani mwa mwalimu.

Mwingine: Nimejifunza kwamba chumvi
ni sodiamu na klorini zimeoana.
Nikamweleza bibi. Akaonja mchuzi,
akasema ndoa yenyewe haijakolea.

Pazi, hata asipotia jina, ni Pazi:
Maji ya Aprili yaliingia kwetu Jangwani usiku,
yakaondoka na daftari saba.
Natumaini kunakili jiografia yote ya Mwajabu
kabla hajachoka kuniazima.
Na chini, kwa penseli:
mada tuliyofikia ni mito.

Mwingine anatumaini kurefuka.
Mwingine anatumaini baba apate tena meza Kariakoo,
hata ya nyuma, hata ile ya karibu na mtaro.
Kuna aliyechora vituo vyote vya mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni,
akasahau Magomeni,
na sijui kama hilo ndilo alilojifunza au analolitumaini.

Mmoja kajaribu vina:

Hesabu zanizingira, kama moshi wa jikoni,
napepea kwa hasira, haunitoki machoni,
natumai mwezi wa

kengele ikamkuta hapo hapo.

Yangu ilikuwa katikati ya rundo, nikaipita haraka
kama mtu anayekutana na nguo zake
kwenye kamba ya jirani.
Niliandika habari za mpapai wa nyuma ya vyoo.
Mwaka juzi niliuita ule ulaji wake wa jua
usanisinuru, nikapata vema.
Mwaka huu nikaambiwa ni fotosinthesisi.
Nikalikosea mara tatu, herufi zikinigeuka,
nikapewa sufuri nyekundu, duara kama yai.
Mpapai haukuambiwa.
Umezaa wakati wa mtihani wetu,
na mapapai yake hayana lugha,
yana utamu tu.
Natumaini, nikaandika, kujua kitu
namna mpapai unavyojua.
Kisha nikaona aibu, nikaongeza: na kufaulu Bailojia.

Nikahesabu kabla ya kubisha hodi.
Sabini na mbili.
Nikahesabu tena, nikilowesha kidole.
Sabini na mbili.
Ile ya ziada ilikuwa na wino mwekundu,
mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika ubaoni,
mistari ikipanda kulia:

Nimejifunza majina sitini.
Kumi na moja bado yananiponyoka,
na wenyewe huitika hata nikiwaita vingine.
Natumaini hadi Desemba.

Nikairudisha chini kabisa, nikaweka rundo sawa,
nikabisha.

Alikuwa anakunywa chai, miwani juu ya paji.
Zimetimia? akauliza.
Zimetimia, Mwalimu.
Asante, kiranja.

Tangu Januari ananiita hivyo.
Nilifika mlangoni, nikasimama kidogo, mkono kwenye kitasa.
Jina langu ni Sikudhani.
Lakini huu ni Juni tu,
na chai yake ilikuwa inapoa.